Mlio wa Fedha Chini ya Nyasi

Wengi wanaoanza kusaka sarafu kwa ditekta, mashine ya kutambua metali iliyofukiwa ardhini, hutazama skrini. Namba ikipanda, wanapiga magoti na kuanza kuchimba. Mimi humshauri kila anayeniuliza aifunike skrini hiyo kwa utepe kwa msimu wake wote wa kwanza, kwa sababu fedha, ile metali nyeupe iliyotengenezewa sarafu za zamani, hujitambulisha sikioni kabla ya kujitambulisha machoni. Namba inakwambia kuna kitu kinachofanana na fedha. Mlio unakwambia kama kitu hicho ni cha duara au kimevunjika, kimelala bapa au kimesimama kwa ukingo, kiko peke yake au kimezingirwa na misumari. Hayo yote yanasikika kwa aliyetulia.

Naandika nikiwa Lowell, mji wa viwanda vya zamani katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ambako jamii ya Wakenya ni kubwa na Kiswahili husikika madukani na makanisani. Nilizaliwa Mombasa. Kazi yangu ni ya zamu za usiku, na saa za mchana, baada ya kulala kidogo, hupenda kuzitumia uani kwa mtu aliyenipa ruhusa, hedifoni masikioni, koili ikienda huku na huku juu ya nyasi.

Fedha iko ardhini hapa kwa sababu ya watu waliopita. Lowell ilipata hadhi ya mji mwaka 1826, ikiwa imejengwa kando ya mto Merrimack kwa ajili ya viwanda vya pamba, na maelfu ya wasichana kutoka mashambani walikuja kuendesha mitambo ya kufumia wakilipwa taslimu. Marekani ya wakati huo haikuwa na sarafu zake za kutosha. Sarafu za fedha za Wahispania, zilizopigwa Mexico na Amerika ya Kusini, zilikuwa malipo halali hadi mwaka 1857, na mpaka leo reali moja iliyolika kwa kupita mikononi hutokea kwenye uwanja wa nyumba ya mbao ya zama zile. Baadaye zikaenea sarafu za Marekani yenyewe. Senti 10, senti 25 na nusu dola zilikuwa na fedha asilimia 90 hadi zile zenye mwaka 1964. Mwaka 1965 Rais Johnson alitia saini sheria iliyoiondoa fedha kabisa katika senti 10 na senti 25, na nusu dola ikabakiwa na asilimia 40 hadi mwaka 1970. Kwa hiyo senti 10 yoyote iliyomdondoka mtu katika ua wowote wa hapa kabla ya miaka hiyo ni ya fedha, na bado ipo pale pale ilipozama, isipokuwa kama kuna aliyetangulia kuiokota.

Viwanda vya ukanda huu ndivyo pia vilivyofuma kile kitambaa cheupe ambacho merikebu za Salem, mwendo mfupi kutoka hapa, zilikipeleka Unguja enzi za Sayyid Said, na ambacho bibi zetu walikijua kwa jina la merikani. Nikisimama kwenye udongo huu sijioni mgeni kabisa.

Sasa nieleze kinachosikika, na kwa nini.

Ditekta haiijui fedha. Koili yake hutuma mawimbi ya sumaku ardhini. Mawimbi hayo yakikutana na metali, huzusha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka, na mikondo hiyo nayo hurudisha mawimbi yake kwenye koili, yakiwa yamechelewa kidogo. Ucheleweshaji huo ndio unaopimwa. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko metali nyingine yoyote, ikifuatwa na shaba, kisha dhahabu, kisha alumini. Mkondo ulioanza ndani ya fedha hauna kinachouzuia sana, hivyo hufa polepole, na jibu lake huchelewa. Waliotengeneza mashine waliamua kwamba jibu la namna hiyo lipewe sauti nyembamba ya juu, na chuma, ambacho huvutwa na sumaku na hujibu kwa namna yake tofauti, kipewe sauti nene ya chini inayokaribia mkoromo. Katikati hupangwa vingine vyote: karatasi za jalbosi, senti 5 za nikeli, pete za dhahabu, vipete vya kufungulia makopo, zinki, shaba.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ucheleweshaji hautokani na aina ya metali peke yake. Hutokana pia na ukubwa na unene wa kitu. Mashine ninayotumia ni Equinox, ya kampuni ya Minelab ya Australia, na kipimo chake huishia namba 40. Senti 10 ya fedha huja kwenye 26 au 27. Senti 25 ya siku hizi, isiyo na hata chembe ya fedha, huja 29 au 30, kwa kuwa ni pana zaidi na moyo wake ni shaba tupu. Maana yake ni kwamba sarafu isiyo ya fedha inaweza kulia kwa sauti nyembamba kuliko ya fedha halisi. Senti moja ya shaba ya zamani huja 24 au 25, karibu kabisa na senti 10 ya fedha. Ile senti kubwa ya shaba, iliyopigwa kuanzia mwaka 1793 hadi 1857, hupanda juu kabisa na kuketi pamoja na fedha, na hata kopo la alumini lililokanyagwa hupanda vilevile. Anayesema fedha ni ule mlio wa juu kuliko yote atachimba makopo mengi.

Alama ya fedha, kwa jinsi ninavyoijua mimi, ni utulivu wa mlio wake. Koili inapopita juu ya sarafu ya fedha iliyolala bapa, sauti huanza taratibu, hujaa, kisha huisha taratibu, bila kukwaruza mwanzoni wala mwishoni. Ina mviringo. Upande wa kwenda na upande wa kurudi husikika sawasawa, urefu ule ule, wembamba ule ule. Ni kama mgeni anayebisha hodi usiku: ukimuuliza nani, anakujibu jina lile lile mara zote, mlango wa mbele au wa uani. Kitu cha uongo hubadilisha jina.

Shaba nayo ni tulivu, na hilo silifichi. Senti ya shaba yenye afya na senti 10 ya fedha hukaribiana mno, na tofauti yake ni ya sikio lililozoea. Mlio wa fedha kwangu ni safi zaidi, unateleza, na namba yake haitikisiki. Shaba iliyokaa muda mrefu kwenye udongo wetu wenye tindikali huwa imeliwa usoni, na mlio wake una ukungu kidogo pembezoni. Sitamwahidi mtu kwamba ataitenganisha kila mara. Zikisikika hivyo mbili, chimba zote mbili. Senti ya shaba ya mwaka 1850 ina thamani yake kwa anayependa historia.

Adui mkubwa ni msumari. Nyumba za mbao za New England zilijengwa kwa misumari, zikaungua, zikabomolewa, zikajengwa tena, na misumari ikabaki ardhini kwa maelfu. Chuma kikizeeka na kupinda, ncha yake hutoa mlio mwembamba wa ghafla unaomdanganya mtu kwamba ni fedha. Ukiusikiliza vizuri una ukali wa kukatika, huanza ghafla na kuisha ghafla, mara nyingi upande mmoja tu wa mpito. Dawa yake ni kuzunguka. Simama pale pale, tembeza miguu robo duara, upitishe koili upya kutoka upande mwingine. Msumari ukiutazama kwa urefu wake na ukiutazama kwa upana wake ni vitu viwili tofauti kwa mashine: mlio mwembamba hupotea na mkoromo hubaki. Sarafu ni duara, na duara halina urefu wala upana, kwa hiyo hubaki ikilia vile vile. Tena angalia mlio umekaa wapi. Ule wa uongo huhama. Ukitoka kaskazini unausikia hapa, ukitoka mashariki unausikia umbali wa kiganja. Mlio wa fedha umekaa mahali pamoja.

Kisha kuna kuinua koili. Hili hulifanya kwa kila mlio mzuri kabla ya kugusa jembe dogo. Nainua koili polepole kutoka kwenye nyasi. Sarafu hufifia kwa adabu, ikipungua kadiri ninavyopanda, na ikifika kimo fulani imenyamaza. Kopo au bamba kubwa bado linapiga kelele koili ikiwa karibu na goti. Hapo najua ni kitu kikubwa, na mara nyingi naendelea na safari yangu.

Fedha na chuma vikilala pamoja ni kazi nyingine, na ndiyo kazi ninayoipenda zaidi. Uwanja uliochimbwa na watu wengi kabla yangu bado una fedha, ila imejificha chini ya ubavu wa msumari. Mashine husikia vyote viwili kwa wakati mmoja na hutoa sauti iliyochanganyika: mkoromo, katikati yake kijimlio chembamba kifupi, tena mkoromo. Hapo natumia koili ndogo, inayotazama eneo dogo la ardhi kwa wakati mmoja, napunguza mwendo mpaka karibu nasimama, na napitisha koili kwa mipito mifupi ya upana wa mkono, nikizunguka mahali hapo kidogo kidogo. Natafuta pembe moja ambayo kijimlio kile kinajitenga na chuma na kurudia. Kikirudia mara mbili, tatu, kutoka pembe ile ile na mahali pale pale, nachimba, hata kama pembe nyingine zote zinasema chuma. Senti 10 nyingi za fedha nilizonazo zilitoka hivyo. Skrini ilikuwa ikiruka kutoka namba hasi hadi 30 na kurudi, na kwa namba pekee nisingeinama.

Kwa yeyote anayedhani kusikiliza ni mtindo wa kizamani, kuna kisa cha mwaka 1881 ninachokiheshimu. Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi mjini Washington tarehe 2 Julai mwaka huo, na madaktari hawakujua risasi ilipotulia mwilini. Alexander Graham Bell, aliyekuwa ameshavumbua simu, alitengeneza chombo cha koili kilichounganishwa na kisikizio cha simu, akawa anakipitisha juu ya mwili wa mgonjwa na kusikiliza. Hapakuwa na skrini. Chombo kilifanya kazi kwenye majaribio, lakini kitandani kwa Rais sauti zikavurugika. Godoro lilikuwa na springi za chuma, na daktari mkuu alimruhusu Bell kutafuta upande wa kulia tu, ilhali risasi ilikuwa kushoto. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba. Kila ninapokutana na uwanja uliojaa misumari huzikumbuka springi zile. Chuma kilichotapakaa pembeni kinaweza kuizima sauti ya kitu unachokitafuta, na tiba ni kukiondoa chuma hicho au kubadilisha pembe ya kusikilizia.

Kuna fedha inayonong'ona. Sarafu iliyozama sentimita 20 hailii kwa nguvu. Sauti yake huwa ndogo mno, imelegea, wakati mwingine inakuja upande mmoja na kukawia upande wa pili, na namba yake huyumba kwa sababu madini ya udongo yenyewe yanaingilia jibu. Hapa hedifoni ni lazima. Gari likipita, jani likitikisika, umeikosa. Mimi hupenda kutoka siku inayofuata mvua, udongo ukiwa umelowa vizuri, kwani milio ya kina huja wazi zaidi. Nikisikia mnong'ono mwembamba nafuta majani, nakandamiza koili igusane na nyasi, napita tena polepole. Ukiongezeka na kubaki pale pale, naukubali. Kupata mnong'ono wa namna hiyo kwenye uwanja wa nyumba ya mwaka 1840 kunanifurahisha kuliko milio mikali kumi ya juu juu, kwa kuwa vitu vya juu juu aghalabu ni vya juzi.

Wapi pa kusikiliza? Sitakaa sana hapa. Chini ya miti mikubwa, pembeni mwa ngazi za mbele, na pale palipokuwa na kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu sarafu zilidondoka kutoka mifukoni nguo zilipokung'utwa.

Lazima pia niiseme fedha isiyolia kama fedha, maana ndiyo inayoachwa ardhini na wanaofuata mlio wa juu tu. Kati ya mwaka 1942 na 1945, nikeli ilipohitajika vitani, serikali ya Marekani ilipiga senti 5 zenye fedha asilimia 35, zilizobaki zikiwa shaba na manganizi. Mchanganyiko huo haupitishi umeme kama fedha safi, na sarafu hizo hulia chini, kati ya milio ya takataka. Sarafu ya senti 3 ya fedha, iliyopigwa kuanzia mwaka 1851, ni ndogo na nyembamba kuliko ukucha wa kidole gumba, na mlio wake huanguka katikati pamoja na jalbosi. Mkufu wa fedha ndio mgumu kuliko vyote: mkondo wa umeme hauwezi kuzunguka mkufu mzima kwa uhuru, unabanwa ndani ya kila kipingili, kwa hiyo mashine husikia vipingili vidogo vingi na kuvitaja kama kipande cha karatasi. Pete ya fedha iliyo nzima hulia vizuri sana, juu na safi, ila ikikatika mahali pamoja tu mlio wake hushuka, kwa kuwa njia ya mkondo kuizunguka imekatwa. Kwa hiyo mimi huchimba pia milio ya katikati, mradi ni mitulivu na inarudia. Utulivu kwanza, wembamba baadaye.

Mpwa wangu, aliyezaliwa hapa na anayekisema Kiswahili kwa bidii ya mama yake, hunifuata siku za Jumamosi. Nilimfundisha kwa kuzika vitu nyuma ya nyumba: senti 10 ya fedha, senti ya shaba, kipete cha kopo, kizibo cha chupa cha chuma chenye kutu, msumari uliopinda, kila kimoja kwa kina kinachojulikana na umbali wa hatua mbili kutoka kwa mwenzake. Skrini ilifunikwa. Alitembea, akasikiliza, akataja. Mwanzoni kizibo kile kilikuwa kinamteka kila mara.

"Mjomba, hii iko juu, si ni fedha?"

"Ipitie taratibu, mwanangu. Mwanzo wake unasikikaje?"

"Unakwaruza."

"Haya, zunguka uipitie ubavuni."

Akazunguka, na mkoromo ukatokea. Baada ya majuma kadhaa hakuhitaji kuulizwa. Sikio la kijana hushika haraka, na nimeridhika kwamba anajua kusikiliza kabla hajajua namba hata moja. Siku alipoitambua senti 10 yake ya kwanza ya ukweli, kwenye bustani ya mama mmoja mzee jirani yetu, alikaa nayo muda mrefu, akiipitia kutoka pande zote, kabla ya kuniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, hii haibadiliki." Ilikuwa ya mwaka 1917, yenye kichwa cha Uhuru aliyevaa kofia ya mabawa, na ilitoka nyeupe.

Fedha hutoka nyeupe mara nyingi. Chuma huliwa na kutu, shaba huota kijani, zinki ya senti za baada ya mwaka 1982 huoza ikatoboka, lakini fedha kwenye udongo wa kawaida wa bustani huikuta inang'aa ukingoni hata baada ya miaka 100. Penye chumvi ya bahari au salfa huwa nyeusi. Kwa vyovyote, usiisugue. Mchanga uliobaki usoni mwake ni msasa, na kidole gumba kimoja chenye furaha kinaweza kuchora mikwaruzo isiyofutika. Maji safi yanatosha.

Kuchimba kuna heshima yake. Hapa hatuingii popote tupendapo. Ardhi ya mtu binafsi inataka ruhusa ya mwenyewe, nami huiomba mlangoni, mchana, nikiwa nimevaa vizuri na nikieleza ninachotafuta na tutakavyogawana. Nakata nyasi pande tatu kama kifuniko, naweka udongo juu ya kitambaa, narudisha vyote, nakanyaga, namwagia maji. Nikimaliza, mwenye nyumba asione nilipochimba. Ardhi ya kando ya mifereji na viwanda vya zamani vya Lowell, ambayo ingekuwa tamu kuliko zote kwa msikilizaji wa milio, ni sehemu ya hifadhi ya taifa ya kihistoria iliyoanzishwa mwaka 1978, na ditekta hairuhusiwi katika hifadhi za taifa za Marekani. Sheria ya mwaka 1979 ya kulinda mali za kale inakataza pia kuchukua vitu vya kale vya miaka 100 au zaidi kutoka ardhi ya serikali kuu bila kibali. Napita pale kila siku nikienda kazini na mashine yangu inabaki nyumbani. Naona ni sawa kabisa. Mahali pale panasimuliwa na watafiti waliopima kila tabaka, wakaandika kila kitu kilikuwa wapi na karibu na nini.

Ndugu wa nyumbani hunipigia simu. Wengine ni wachimbaji wadogo wa dhahabu, nao nawaelekeza kwa moyo mmoja, ingawa kazi yao ni nyingine: dhahabu ndogo hutaka masafa ya juu, fedha hupendelea ya chini, na mashine iliyochaguliwa kwa sarafu si lazima iwafae. Wengine wanataka nije na ditekta likizoni, twende kwenye magofu. Wanasema wazee wao waliokota sarafu baada ya mvua, na nawaamini, kwani pwani yetu ilitumia fedha kwa karne nyingi, kuanzia vijisarafu vya watawala wa kale hadi riale za Maria Theresa na rupia. Hao nawakatalia.

Sababu yangu ni Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba. Mwaka 1984 ilipatikana pale hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu, zikiwa na majina ya watawala Waislamu wa pwani hii wa karibu miaka 1,000 iliyopita. Sarafu zile za fedha ni ndogo na nyepesi mno. Kwa sababu zilichunguzwa na wanaakiolojia zikiwa pamoja, na dinari za nje zikiwemo kati yake za kusaidia kukadiria wakati, leo tunajua kwamba watu wa pwani walipiga sarafu zao za fedha mapema kiasi hicho. Kama mtu mwenye hedifoni angezitoa moja moja usiku na kuziuza kwa sonara zikayeyushwe, tusingejua lolote, na fedha yenyewe isingeleta thamani kubwa. Ditekta ingeniambia pale kuna fedha. Isingeniambia iliwekwa na nani, lini, na ilikuwa imelala na nini.

Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Zanzibar ina sheria yake, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006. Zote zinataka kibali kabla ya kuchimba mahali pa kale. Ewe msomaji uliye Kilwa, Lamu, Pemba au Malindi, ukiokota sarafu iliyoibuliwa na mvua au jembe, iache na udongo wake, usiisugue, piga picha mahali ilipokuwa, na upeleke habari makumbusho au ofisi ya mambo ya kale iliyo karibu nawe. Na uliye na ditekta mkononi na ardhi yako mwenyewe isiyo ya kale, zika senti moja ya shaba na kipande cha fedha nyuma ya nyumba, funika skrini, uanze kusikiliza leo.